Akiba ya Mshono

Uliyenifuata wiki iliyopita unajua niliponaswa. Mama mkwe wangu amesimama mlangoni mwa kibanda changu cha ushonaji, mfuko mkononi, na mimi moyo umenishuka mpaka kwenye kanyagio la cherehani.

Uliyefika leo usikae bila habari. Mimi ni fundi wa nguo. Mume wangu ni fundi wa lifti, na amepata mkataba wa miaka mitatu nchi ya mbali yenye baridi. Tunakwenda wote, kila mtu na sanduku lake moja. Nikajiuliza, nitawabebaje watu wangu wote ndani ya sanduku moja? Basi kila nguo ya ndugu au jirani iliyoletwa kwangu kurekebishwa, nilikata kipande kwa ndani, pale pasipoonekana, nikakiunga kwenye shuka la viraka. Sikumwomba mtu wala sikumwambia mtu. Shuka lenyewe nikalipa jina: Ukoo.

Huo ndio wizi wangu. Sasa sikia ulivyonigeuka.

"Shikamoo, Mama. Karibu ukae."

"Marahaba. Sikai. Nimekuletea gauni."

Mama mkwe alikuwa mpishi wa shule ya bweni maisha yake yote. Kila anachosema hukisema kana kwamba kuna masufuria yanachemka kati yake na wewe. Wateja wangu wawili waliokuwa wanasubiri suruali zao waligeuka kutazama.

Alilitoa gauni. Nililijua kabla halijatoka mfukoni: la zambarau, lenye maua meupe madogo. Nililishona mimi, kwa kitambaa alichonunua marehemu baba mkwe mara ya mwisho alipokwenda dukani kwa miguu yake. Gauni hilo halivaliwi ovyo.

"Nimelijaribu jana, halipandi. Linaishia hapa." Akajipiga ubavuni. "Hizi dawa za presha zimenivimbisha. Lifumue, uliachie."

Nililipokea gauni, sikulikunjua.

"Si uliniambia mwenyewe? Siku unanikabidhi ulisema, 'Mama, nimekuachia akiba ndani ya mshono, ukinenepa uniletee.' Mimi nikakucheka. Haya, nimenenepa. Nicheke na wewe."

Kwa asiyejua kazi yetu, akiba ya mshono ni kile kitambaa ambacho fundi hukiacha upande wa ndani, kama vidole viwili hivi kila upande. Hakina kazi yoyote mpaka siku mwili utakapobadilika. Mtu mwingine akikiona atasema ni mabaki. Fundi anajua ndiyo heshima anayompa mteja.

Na mimi fundi, mwezi uliopita alipoleta gauni hilohilo nimbadilishie zipu, niliichukua akiba yote. Nikabakiza kiasi cha kushika uzi tu.

"Mbona umenyamaza? Haiwezekani?"

"Inawezekana, Mama."

Neno lilinitoka lenyewe, na likishatoka halirudi.

"Jumamosi tunawaaga. Watu watakula, na mimi nitasema neno langu la baraka. Nimekaa nalo muda. Nilikuwa sitaki kulisema." Hapo, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alishusha sauti. "Nitalisema nimevaa gauni la baba yenu. Mjue tumewaaga sote wawili."

Lazima nikwambie kwa nini maneno hayo yalinichoma. Tangu apate habari za safari, mama mkwe alikuwa ameniambia sentensi moja tu: "Mchukue. Mbona ulishamchukua siku nyingi." Baada ya hapo ikawa salamu, na salamu zenyewe za kuokoteza. Nilikuwa nimekata tamaa. Nilishajiona nikiondoka kama mwizi wa mtoto wa mtu. Sasa mama mwenyewe ananiletea baraka mlangoni, na njia ya kuipokea inapita kwenye kitambaa nilichokiiba.

"Jumamosi litakuwa tayari," nilisema.

"Najua. Wewe kwa mkono huna mpinzani. Kwa mdomo ndipo tunapokosana."

Akaondoka. Mteja mmoja akacheka. Mimi nilitamani kanyagio linimeze.

*

Nyumbani nilimkuta mume wangu amekaa sakafuni katikati ya vitu vyake. Watu humwita Kitufe, na sababu ilikuwa mkononi mwake: kitufe cha lifti chenye namba nne. Ndani ya lifti ileile ndimo tulimokutana, ilipokwama katikati ya ghorofa, mimi na marobota yangu ya vitambaa, yeye na bisibisi yake. Jengo lilipobomolewa aliomba kitufe akapewa. Angalia hapo: aliomba, akapewa.

"Kitufe kinaingia," alisema. "Filimbi ya lile birika letu lililoungua inaingia. Shida ni kitasa."

"Kitasa gani?"

"Cha chumba chetu cha kwanza. Umesahau? Kile ambacho lazima ukinyanyue ndipo kifunguke."

"Mume wangu, unasafiri na kitasa, mlango wenyewe uko wapi?"

"Mlango ni wa mwenye nyumba. Kitasa nilinunua mimi." Akakipangusa kwa shati. "Siku tukikosana huko ughaibuni, nitakiweka mezani. Utakumbuka tulivyokuwa tunakinyanyua usingizini."

Nilitaka kucheka nikashindwa. Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mbele yangu kakaa mtu anayebeba kitasa bila haya. Angenielewa. Lakini aliniuliza, "Mama alikuja kibandani? Anasemaje?" nikajibu, "Anakusalimia."

Mficha uchi hazai. Mimi nilijifunika gubigubi.

*

Asubuhi yake nilizunguka maduka yote ya vitambaa na gauni mkononi. Muuzaji mmoja alikigeuzageuza kitambaa, akanitazama kwa huruma.

"Fundi, hii hawachapi tena. Maua haya? Hata kiwanda sijui kama kipo."

"Hata kipande?"

"Kama kipo, kipo kwenye sanduku la mtu."

Alikuwa amesema kweli kuliko alivyojua. Kilikuwa kwenye sanduku langu.

Nikarudi nyumbani mume wangu akiwa kazini, nikamtoa Ukoo, nikamtandaza kitandani. Sikupata kukutajia alivyokuwa. Pembeni koti la sare la baba mdogo, ambaye ni mlinzi wa benki. Juu yake aproni ya wifi yangu msusi. Chini pazia la jirani yetu, mwalimu wa chekechea. Shati la mume wangu nimelizungusha kote kama fremu. Na katikati nyota kubwa ya zambarau yenye maua meupe. Huyo ndiye Mama. Nilimweka katikati kwa sababu yeye ndiye niliyekuwa namwogopa zaidi, na nilijua ndiye nitakayemkosa zaidi. Utashangaa, lakini ndivyo ilivyo.

Nilichukua kiwembe nikaifumua nyota.

Wanaoshona wanajua. Kufumua kitu ulichokishona kwa moyo ni kama kumeza ulichokwisha kukitema. Kila uzi uliokatika ulinisuta. Nilipomaliza, Ukoo alikuwa na tundu katikati, na mimi nilikuwa na rundo la pembetatu ndogondogo. Nikaziunga upya, nikapata vipande viwili vya kuingiza chini ya kwapa, kushoto na kulia. Kazi safi. Ningekuwa naitoa mfano kwa wanafunzi, kama isingekuwa ya kuficha wizi.

Halafu nikalipeleka gauni dirishani, kwenye mwanga.

Uwiii! Gauni lilikuwa limefuliwa na kuanikwa juani miaka na miaka, zambarau yake imechoka, imeelekea kijivu. Ile akiba ilikuwa ndani muda wote, haijaliona jua. Vipande vya kwapani vilikuwa vinawaka kama jana vimetoka dukani. Mikono ikiwa chini, huoni kitu. Mikono ikipanda, hata kipofu angeuliza.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa nilikuwa nimeuziba kwa rangi ya kung'aa.

Mama alipokuja kulijaribu, lilimkaa. Alijigeuza mbele ya kioo changu chenye ufa, akajishika kiuno, na uso wake ulikuwa wa msichana.

"Ona! Ona mkono wa mtu! Utadhani halijaguswa!"

"Mama, ila usinyanyue sana mikono. Mshono bado mbichi."

"Ninyanyue nini? Sufuria nilishaziacha."

Akanishika shavu. Mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kunishika hata bega, alinishika shavu. Kisha akasema, "Nilikuwa nakuonea, mwanangu. Jumamosi nitalisema mbele za watu."

Nilipobaki peke yangu nilikaa juu ya marobota nikalia. Si kwa furaha, usiniheshimu bure. Nililia kwa sababu kile nilichokitaka miaka yote nilikuwa nimekipata kwa uongo, na kilikuwa kitamu vilevile.

*

Jumamosi asubuhi, tukiwa tunajiandaa, nilinyanyua sanduku langu kulisogeza. Lilikuwa jepesi upande mmoja, zito upande mwingine. Nikalifungua.

Kitasa kilikuwa ndani. Ukoo hakuwemo.

"Mume wangu! Shuka langu liko wapi?"

"Lile la viraka? Nimempa dada jana atutunzie. Kitasa kilikuwa hakina pa kukaa."

"Umempa nani?"

"Dada. Huko tuendako watatupa mablanketi, nchi ya baridi hiyo. Tena lile shuka lako lina tundu katikati, ulikuwa hujamaliza." Akanitazama. "Mbona umepauka? Si mabaki ya kibandani tu?"

Hapo palikuwa mahali pa pili pa kusema. Nikasema, "Ni mabaki tu."

Nilijipa moyo. Wifi ana shughuli zake, ana vichwa vya kusuka tangu asubuhi, atakuwa amelitupa tu juu ya kabati. Mtu akitaka kujidanganya, hakosi ushahidi.

*

Chakula kilikuwa nyumbani kwa wifi, ambako ndiko anakoishi Mama. Tulipoingia, watu walikuwa wamejaa sebuleni. Baba mdogo alikuwa amevaa sare yake kwa sababu angeondoka hapo kwenda zamu. Mwalimu wa chekechea alikuwa ameleta chupa ya chai. Mama alikaa kwenye kiti kikubwa, ndani ya gauni lake, mikono mapajani, anatabasamu kama bibi harusi. Mikono chini. Nikamshukuru Mungu.

Wifi alinipokea kwa "Karibu, wifi," ya baridi mno. Nikajua nimekwisha.

Tulikula. Sikumbuki tulikula nini. Watu walipomaliza kunawa, Mama akakohoa, akaweka mikono kwenye mikono ya kiti ili asimame.

"Wanangu," alianza, "nilikuwa na neno..."

"Mama, samahani," wifi alimkatiza. "Kabla hujawabariki, wacha watu wajue unambariki nani."

Akaingia chumbani akatoka na Ukoo. Akamtandaza juu ya meza, palepale palipokuwa na sahani.

"Kaka kanipa hili shuka nimtunzie. Nikalikunjua nilitazame. Hiki hapa ni nini?" Akaweka kidole. "Aproni yangu ya saluni. Naijua, ina doa la dawa ya nywele. Nikaenda kuitazama aproni yenyewe kwa ndani. Imekatwa."

"Labda imechanika," alisema mume wangu.

"Imekatwa kwa mkasi, kaka. Imekatwa vizuri, kifundi." Akageuka. "Baba mdogo, hebu tazama koti lako. Ndani, chini."

Baba mdogo akalifunua koti. 

"He! Hii ni sare ya kampuni!"

Basi, ndugu yangu, hapo ndipo nilipoiona aibu kwa macho. Sebule nzima walianza kujikagua. Huyu anakunjua pindo, yule anageuza ukosi. Mwalimu wa chekechea kageuka ukutani anatazama bitana ya sketi yake. Mume wangu alikuwa amelivua shati kabisa, anaupitisha mshono vidoleni polepole kama anayetafuta mwiba. Watu wazima, wamevaa vizuri, wanajipekua kama kuku anayetafuta utitiri. Na kila aliyekipata kidonda chake alinyanyua macho kunitazama mimi.

"Pazia langu!" mwalimu alisema. "Fundi, hili si pazia langu?"

"Mtu anayekata nguo za watu kwa siri," wifi alisema, "akafunga safari nazo nchi ya mbali, tumwite nani? Mimi sisemi. Neno lenyewe mnalijua."

"Ndiyo maana mgongo unaniuma," alisema baba mdogo.

"Mgongo wako ulianza mimi sijaolewa!" nilimjibu. Nilidhani watu watacheka. Hakuna aliyecheka.

Mume wangu alikuwa amesimama kifua wazi, shati mkononi. "Mke wangu. Waambie si hivyo."

"Si hivyo," nilisema.

"Ni vipi, basi?"

Sikuwa na mahali pa tatu pa kukwepa. Nikasema yote, isipokuwa habari ya gauni. Nikasema kuhusu sanduku moja, kuhusu Ukoo, kuhusu baridi ya huko na jinsi nilivyotaka kujifunika watu wangu usiku. Kadiri nilivyosema ndivyo nilivyozidi kusikia upuuzi wake. Kila jambo ambalo kichwani mwangu lilikuwa upendo, likitoka mdomoni linakuwa wizi.

"Kwa nini hukuomba?" mume wangu aliuliza. Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu kama angepaza. "Shati ungeniomba ningekuvulia zima. Nani hapa angekunyima?"

Niliangalia sakafu.

"Niliogopa kunyimwa."

"Na nani?"

Sikumtaja. Lakini macho yangu, wasaliti wakubwa, yalinyanyuka yakamtazama Mama.

Mama hakunitazama. Alikuwa ameinamia meza, kidole kinatembea juu ya Ukoo, kiraka hadi kiraka. Alipozungumza, masufuria yote yalikuwa yamezimwa. Tulisogea ili tumsikie.

"Huyu ni mwanangu, nalijua shati lake. Huyu binti yangu. Huyu shemeji yangu na sare yake. Hata pazia la jirani lipo." Kidole kikafika katikati, kikazama tunduni, kikagusa mbao ya meza. "Na mimi niko wapi?"

Mwalimu wa chekechea akainama kutazama.

"Hapa palikuwa na mtu. Nyuzi bado zinaning'inia." Akakichezesha kidole ndani ya tundu. "Palikuwa na nani?"

Nilizitazama zile nyuzi.

"Nimeelewa," alisema Mama. "Uliniweka, halafu ukanitoa."

Na ndivyo hasa nilivyofanya. Hakuna mtu aliyewahi kunieleza kwa ufupi namna ile.

 Hata wifi hakulitegemea hilo. Alitaka kumwonyesha mama yake kwamba watu wamekatwa, na mama yake analia kwa kuwa yeye hakukatwa. Ndiyo, alikuwa analia, bila sauti, machozi yanadondokea maua meupe.

Sasa nipime, msomaji. Nikinyamaza, Mama ataamini kwamba kati ya watu wote, hadi pazia la jirani, yeye peke yake nilimtupa. Nikisema, nitamwambia kwamba gauni la marehemu mumewe, alilovaa leo kwa fahari, nililikata kwa ndani nikaliziba kwa vibaki, halafu nikaipokea shavuni shukrani yake. Nilikuwa na kisu chenye makali pande zote mbili na lazima nikishike.

Nikapiga magoti mbele ya kiti chake.

"Mama, nyanyua mkono."

"Ninyanyue wa nini?"

"Nyanyua tu, Mama. Tafadhali."

Alinyanyua mkono wa kulia polepole, kama anayeapa. Sebule nzima ilivuta pumzi. Pale chini ya kwapa, kwenye gauni lililochoka, zambarau iliwaka.

"Ulikuwa katikati," nilisema. "Nilikushona nyota. Ulipoleta gauni uliachie, akiba yake nilikuwa nimeshaiiba. Ikabidi nikutoe kwenye shuka nikurudishe kwenye nguo. Hukutupwa, Mama. Umejivaa."

Alikivuta kitambaa ili akione. Hakuweza vizuri, shingo haikukubali, lakini aliona kidogo. Akakisugua kwa kidole gumba, ile pembetatu moja iliyoingia mwanzo wa ubavu.

"Hii ndiyo rangi yake," alisema.

Akakivuta kitambaa tena.

"Hii ndiyo rangi aliyoninunulia. Nilimgombeza. Nilimwambia, mzee, inang'aa mno, mimi ni mtu mzima, watu watanicheka. Akasema vaa, wacheke." Kidole hakikuacha kusugua. "Nilishaisahau. Nilidhani ilikuwa hivi hivi tangu zamani, hivi kijivu."

"Nisamehe, Mama."

 Alinitazama, na katika miaka yote niliyomtazama mwanamke yule, sikuwahi kushindwa kumsoma kama siku ile.

"Fundi," aliniita. Hajawahi kuniita fundi. Siku zote ni mkwe, na juzi ile, mara moja, mwanangu. "Mkasi wako unao?"

"Uko kwenye mkoba, Mama."

"Nipe."

"Mama, taratibu," alisema mume wangu.

"Nyamaza, wewe na kitasa chako."

Nilienda kwenye mkoba. Nikautoa mkasi, nikamkabidhi upande wa mpini, kama tunavyopeana mafundi. Wifi alisogea, akasimama, akarudi nyuma. Baba mdogo alikuwa bado ameshika pindo la koti lake.

Mama alimvuta Ukoo kutoka mezani, akamweka mapajani, tundu likaelekea juu. Kwa mkono wa kushoto akalikusanya gauni ubavuni, pale rangi ilipokuwa inawaka. Kwa mkono wa kulia akaufungua mkasi.

Uliwaka kidogo kwenye mwanga wa dirisha, ukasimama katikati, kati ya shuka na gauni. Sikujua unaelekea wapi. Na ile baraka ilikuwa bado haijasemwa.